Pikipiki Iliyobaki Nyumbani

Ndugu yangu Onesphore ana miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akimaliza sentensi ndefu mbele ya mtu mwenye meza. Mbele ya mbuzi anaongea. Mbele ya uyoga anaongea sana. Ukipita asubuhi nje ya kibanda chetu cha udongo utadhani ndani kuna kikao. Lakini mweke mbele ya karani, au daktari, au mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni, ulimi unamganda na anaanza kuangalia viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mama yetu, Mungu amrehemu, alisema ni upole. Mimi ni dada yake mkubwa na upole sikurithi. Nilisema ni woga, nikamwambia usoni, tena mara nyingi.

Jina langu ni Cansilde. Tulitoka Burundi miaka kumi iliyopita na begi moja na mabishano mengi, na vyote viwili bado tunavyo hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Mimi ni mjane mwenye binti mmoja, Élyse, na shamba la mihogo unaloweza kulimaliza kwa macho ukiwa umekaa. Onesphore hajaoa. Kwa miaka saba alilima kibarua katika migomba ya watu huko upande wa Kabingo, anaondoka na jembe alfajiri, anarudi jioni mgongo umekunjika, kesho yake hivyo hivyo.

Kisha likaja shirika moja likafundisha watu thelathini kulima uyoga, siku tatu, na chai. Watu ishirini na tisa walitundika vyeti ukutani. Onesphore alitundika mifuko. Alichemsha maganda ya maharagwe katika pipa, akayashindilia ndani ya mifuko ya plastiki pamoja na mbegu, akaitundika darini gizani, akawa anainyunyizia maji asubuhi na jioni huku akiisemesha. Majirani walidhani amepagawa. Baada ya wiki kadhaa mifuko ikaota masikio meupe, mazuri, manene, na waliosema amepagawa wakaja kuomba ya kuonja.

Shida ya uyoga ni kwamba hauna subira. Unaiva wote pamoja, na hapa kambini wanaoununua ni wachache. Mwezi ule tulikula uyoga mpaka Élyse akauliza tumefanya dhambi gani. Onesphore akaniambia, taratibu kama kawaida yake, kwamba akikosa mnunuzi wa kudumu kabla ya kiangazi atafungua mifuko, awape mbuzi, na arudi kwenye jembe la watu. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ndipo ikapigwa simu. Kumbe kifungu kimoja cha uyoga wetu kilifika sokoni Kaberebere, na aliyekinunua ni Madamu Katushabe, mama wa Kinyankore anayenunua chakula cha hoteli moja Mbarara, upande wa Ruharo. Alisema neno fupi: Alhamisi, saa nne asubuhi, njoo na uyoga wako tuongee. Kulikuwa na muuzaji mwingine, wa hapo hapo mjini. Angemchagua mmoja.

Onesphore ana pikipiki, Bajaj kuukuu aliyoinunua kwa dereva wa boda aliyechoka nayo. Anaiendesha vizuri, hata mimi nakubali, na mimi si mtu wa kukubali. Kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa wazi.

"Funga kasha nyuma," nilimwambia. "Saa tatu uko Mbarara. Fungua kasha, mwonyeshe, mwambie una kiasi gani, panda, urudi."

"Na nikishindwa kusema?"

"Utasema. Mdomo unao, nauona ukila."

"Dada, wewe kila siku pikipiki, pikipiki. Wewe mwenyewe ulishapanda lini?"

Ni kweli kwamba kwenda Base Camp, makao makuu ya kambi, mimi hutembea saa moja na nusu, na boda wananipita wakiniita mpaka wanachoka. Nikamwambia Mungu alinipa miguu na sijawahi kumlalamikia. Nikabadilisha mazungumzo.

Kosa la ndugu yangu lilikuwa kumwambia mtu mmoja habari ile, Jumapili, baada ya misa. Jioni ua wetu ulikuwa umejaa. Mbele kabisa, juu ya kiti changu kizuri, alikaa Mzee Modeste. Huyu ndiye msemaji wetu wa posa. Hakuna binti wa Kirundi aliyeolewa katika kijiji chetu bila Mzee Modeste kusimama, kukohoa mara tatu na kusema kwa niaba ya mtu. Maana kwetu anayehusika hasemi. Anakaa kimya na koti lake, msemaji anasema, na vinywaji vinatangulia. Desturi nzuri sana. Kwa harusi.

"Jambo kubwa haliombwi na mtu mmoja," alisema Mzee Modeste. "Penye wengi hapaharibiki neno. Pikipiki inabeba wangapi? Basi pikipiki haifai."

"Mzee, ni uyoga," nikasema. "Hatumwozi mtu."

"Mama Élyse, wewe nyamaza kwanza."

Jirani yetu Byamungu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa ya mavazi. Alinitazama kwa huruma, jinsi anavyonitazama kila nikivaa kandambili.

"Mama Élyse, unajua bantu ba Mbarara? Bale banaangaliaka viatu mbele ya kuangalia sura. Huyu akifika na pikipiki, mavumbi mingi mu masikio, batamutuma fasi ya kufulia nguo! Randevu ya kazi ni kostime. Mimi niko na kostime. Nitamuazima."

Onesphore aliangalia viatu vyake. Nikaona uso wake ukilegea kwa nafuu, na nikajua nimeshindwa. Wamempa suti ya kujifichia na mtu wa kumsemea. Pikipiki ingemfikisha akiwa peke yake na mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kuogopa kusema ni ugonjwa wa watoto na kwamba Élyse aliupona akiwa na miaka mitano. Watu wakacheka.

Alhamisi alikuja Ulrich, dereva wa kukodi, na gari lake, Noah ambayo mlango wake wa kushoto hufunguka kutoka nje tu, na siku ukiwa na hasira, hata kutoka nje haufunguki. Mzee Modeste alikaa mbele, na fimbo. Onesphore nyuma, ndani ya kostime ya Byamungu, ambayo ilimfaa kwenye bega moja. Byamungu pembeni yake, maana Byamungu haachani na kostime yake. Inakokwenda naye huenda. Uyoga ukatiwa nyuma, jirani na dumu la petroli. Nami nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya nikingoja kupanda, Mzee Modeste akakumbuka vinywaji.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema, na kreti ya soda ikachukua kiti changu.

Nikabaki uani na pikipiki. Tulitazamana.

Kwa hiyo yaliyotokea huko sikuyaona. Nayasimulia kama nilivyosimuliwa na wanaume watatu kati ya wanne waliokuwemo, kila mmoja akiwa ndiye shujaa wa safari. Yanayofanana katika hadithi zote tatu ndiyo ninayoyaamini.

Walisimama Kaberebere ili Byamungu amsafishe Onesphore viatu, kwa sababu inaonekana ndani ya gari pia kuna vumbi, ajabu hiyo. Saa tatu na nusu. Walipotoka Kaberebere, kwenye mwinuko, Mzee Modeste alipiga dirisha kwa fimbo.

"Ulrich, simamisha gari. Tumekosea."

Wakadhani amesahau kitambulisho.

"Anayeomba ni nani?" Mzee akauliza. "Ni hoteli. Anayetoa ni nani? Ni sisi. Basi sisi ndio wenye binti! Na tangu lini wenye binti wakapakia gari wakaenda kwa wakwe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Geuza."

Wakabishana hapo kando ya barabara dakika thelathini. Byamungu alisema kostime haiwezi kurudi bila kuonekana. Ng'ombe wenye pembe ndefu walivuka barabara wote, na mchungaji wao akasimama kusikiliza kidogo. Onesphore, mwenye uyoga, mwenye miadi, mwenye maisha yake yanayopikika nyuma ya gari, aliangalia saa tu. Aliyewaokoa ni Ulrich, ambaye alisema yeye malipo yake ni yale yale waende mbele au nyuma, ila waamue kabla injini haijapoa, kwa sababu ikipoa haiwaki.

Walifika saa tano na nusu. Madamu Katushabe alikuwa katika ofisi ndogo kando ya jiko, amefunga aproni, ana kalamu. Alihesabu vichwa, kisha akahesabu kreti.

"Niliita mutu moja," akasema. "Hawa wote ni nani?"

Mzee Modeste akasimama na kukohoa mara tatu. Alimsalimia Madamu, akawasalimia wazazi wake walio hai na waliotangulia, akawasalimia ng'ombe wa kwao. Kisha akaingia katika sifa za binti. Alisema binti yetu ni mweupe, mtulivu, amelelewa ndani ya nyumba mbali na macho ya watu. Hajawahi kuugua. Anaweza kukaa wiki nzima na asibadilike sura. Na ndugu zake ni wengi, kilo arobaini kila wiki, Mungu akipenda.

Sasa mimi nakwambia hesabu ya kweli. Kibanda chetu kinatoa kilo kumi na mbili kwa wiki, na uyoga wenyewe unakaa siku mbili. Siku ya tatu unanuka. Mzee Modeste hakudanganya kwa ubaya. Msemaji wa posa hataji kikohozi cha binti, ndiyo kazi yake, na amefanya kazi hiyo miaka thelathini bila mkwe kurudisha mtu. Onesphore alijua ukweli, na alikuwa amekaa pale pale. Aliangalia viatu. Walau vilikuwa visafi.

Madamu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hii ni biashara ama ni kuhingira?" akauliza. Kuhingira ndiyo sherehe yao Wanyankore ya kumtoa bibi harusi kwao. "Hata sisi Ankole tuko nayo. Lakini basi fuata yote. Wenye binti hapana tembea. Mimi ndiye nakuja kwenu kuona nyumbani. Jumamosi. Huyu mwingine wa hapa, yake niko nayo jikoni toka Jumatano. Nikimaliza kuona, nachagua."

Hakuomba hata kuuona uyoga. Ni bahati, maana kwa joto la gari ulikuwa umeiva kwa mara ya pili.

Walirudi wakiimba. Mzee Modeste alitangaza kwamba sheria imefuatwa na ushindi ni wetu. Nilimuuliza Onesphore, tukiwa wawili tu, kama alisahihisha zile kilo arobaini. Akaenda kunyunyizia mifuko yake maji.

Ijumaa nzima kijiji kilijiandaa kupokea gari. Si Madamu, gari. Byamungu alipaka mawe chokaa, akayapanga njiani mpaka mlangoni kwetu. Wakakata mistari miwili ya mihogo yangu ili gari lipate pa kugeukia, kwa kuwa mtu mkubwa hawezi kurudi kinyumenyume. Mzee Modeste alikadiria kwamba litakuwa gari refu, labda jeupe. Jioni mvua ikanyesha, ikafua chokaa, Byamungu akapaka tena.

Jumamosi asubuhi wanaume walikwenda kusimama kwenye makutano ya barabara kubwa, kostime na fimbo na vyote. Mimi nilibaki kibandani kuchambua. Nilikuwa nimevaa nguo ya shamba na kichwani nina hasira. Mezani uyoga wa leo, chini kwenye karai ule ulioharibika, wa mbuzi.

Akaja mwanamke mmoja juu ya boda, kwa njia ya nyuma, ile inayopita karibu na ziwa. Buti za mpira, koti la kiume, tope mpaka magotini, kitambaa kimefungwa kichwani. Boda akamshusha na kuondoka. Nikasema moyoni, huyu ni mmoja wa wale wa mashirika wanaohesabu vyoo.

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa lugha yao, "Onesphore yuko?"

"Yuko barabarani anangoja gari la mtu mkubwa. Kama umekuja kununua, leo hatuuzi. Leo tunakaguliwa."

"Nitangoja."

"Basi usingoje bure," nikamwambia, nikamsogezea kile kigoda chenye mguu mbovu na kisu. Kiti kizuri kilikuwa kimewekewa kitambaa cha maua, kinamsubiri mwenyewe.

Akakaa. Alifanya kazi vizuri, anakata shina pale pale panapotakiwa, hapotezi. Mtu anayejua jiko huwa nampenda upesi, na nikimpenda mtu ulimi wangu hauna breki.

"Hii nakaa siku ngapi?" akauliza.

"Mbili. Ya tatu inanuka. Atakayekwambia wiki ni mwongo au ni Mzee Modeste."

"Na kwa wiki mnatoa kilo ngapi?"

"Kumi na mbili, na hapo mvua imetuhurumia. Hawa wanaume walikwenda Mbarara kusema arobaini. Labda walipima na kreti ya soda." Nikamweleza habari ya gari, ya kostime, ya kiti changu, ya ng'ombe barabarani. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Na pikipiki? Si hiyo hapo?"

"Hiyo hapo! Nzima kabisa. Nilimwambia tangu mwanzo apande aende. Anaogopa kusema na watu, akaona bora azungukwe. Mtu mzima!"

"Na huyo Madamu, wewe namuogopa?"

"Simjui. Nasikia ni mkubwa mpaka mawe yamepakwa chokaa mara mbili. Mimi msimamo wangu ni mmoja: mtu anayempima mwenzake kwa gari alilokuja nalo hana akili."

"Kweli, nyabo," akasema, na kigoda kikayumba chini yake.

Byamungu ndiye aliyerudi kwanza, kutafuta maji ya kunywa. Aliinama kuingia kibandani, akamwona, akasimama hivyo hivyo nusu ameinama, na kofia akaivua.

"Madamu!" akasema. "Pole, Madamu. Gari iko fasi gani?"

"Gari ya nini? Mama yangu ako Masha, nililala kwake. Kutoka Masha kuja hapa na hii matope, nani nakuja na gari?"

Mkononi nilikuwa nimeshika uyoga mmoja ulioharibika, wa kumtupia mbuzi. Niliendelea kuushika. Mtu anayempima mwenzake kwa gari, nilisema mimi, nikiwa nimemkalisha mnunuzi wa hoteli nzima kwenye kigoda kibovu kwa sababu alishuka kwenye boda. Nyani haoni kundule. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi maishani, na siku hiyo nilijua uzito wake.

Wengine wakaja mbio. Mzee Modeste, ingawa pumzi ilikuwa imemwishia, alisimama mlangoni na kukohoa mara tatu.

"Mzee, pole kidogo," akasema Madamu Katushabe, akipangusa kisu kwa pindo la koti lake. "Binti nimeshamuona. Huyu binti nakohoa kidogo. Dada yake ameniambia."

Nilimtazama Onesphore. Nilijua yanayofuata, ataangalia viatu, na Madamu ataondoka, na Jumatatu jembe litatolewa nyuma ya mlango. Na aliyeharibu ni mimi na ulimi wangu, niliyekuwa nikimcheka kwa kukosa ulimi.

Lakini alikuwa kibandani mwake. Mifuko yake ilikuwa inaning'inia kushoto na kulia, na labda ndiyo aliyokuwa akiiambia.

"Ni kilo kumi na mbili, Madamu," akasema. "Na ni siku mbili. Siku ile nilijua, na sikusema. Niliogopa. Kama unataka mwingine, chukua, lakini yeye naye usimwulize sifa, weka uyoga wake mezani siku tatu uone."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Niliweka," akasema Madamu. "Alisema siku tano. Jana jikoni ilinuka, nikatupa. Ndiyo maana nimekuja." Akasimama, akatazama mifuko, akaminya mmoja. "Nachukua kumi na mbili. Sita Jumanne, sita Ijumaa. Inakatwa alfajiri, saa mbili iko jikoni kwangu. Na pikipiki. Ile gari ya watu sitaki kuona tena."

Mzee Modeste aliinamisha kichwa kama mtu aliyekubali mahari, na nadhani mpaka leo anajihesabia ushindi huo.

"Kitu moja," Madamu akaendelea. "Iko siku itaharibika. Mvua, ama joto. Huyu siku hiyo ataangalia viatu. Wewe nyabo, unakuja naye kila safari. Wewe utaniambia."

Watu wote wakanigeukia.

"Madamu," nikasema, "mimi na pikipiki..." Na hapo ulimi ukaganda. Nikaangalia miguu yangu. Ilikuwa na tope, na haikuwa na jibu lolote.

Jumanne alfajiri tulikata uyoga kwa mwanga wa tochi. Onesphore alifunga kasha mbele yake, juu ya tangi, ili nyuma nipate nafasi. Byamungu alikuja na koti lake la mvua, akaniazima, na safari hii hakulifuata. Nilipanda kwa jaribio la tatu. Nilimshika ndugu yangu shati mbele na nyuma, nikafumba macho, nikaanza rozari, na Kaberebere yote niliisikia tu, sikuiona. Kila shimo nililia. Sikulia kimoyomoyo, nililia kwa sauti, na kwenye lami dereva mmoja wa boda alipunguza mwendo kuuliza kama mama anapelekwa hospitali.

Tulifika dakika kumi kabla ya saa mbili, wekundu wa vumbi mpaka kope. Madamu Katushabe alifungua kasha, akanusa, akanitazama mimi.

"Ya lini?"

"Ya leo," nikasema.

Akapima kilo sita na kumwambia Onesphore aonane naye Ijumaa.

Njiani kurudi nilimpiga ndugu yangu bega tusimame. Nikashuka, nikakaa kwenye nyasi. Jumapili ile nilimwambia mtu huyu mbele ya watu kwamba kuogopa ni ugonjwa wa watoto. Nilimngoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na siku hizi alikuwa na sentensi ndefu.

Alinipa maji. Alingoja mpaka nikamaliza kunywa.

"Tutakwenda polepole," akasema.

Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.